Mwambieni Mkia Nitamsubiri

Chupa ndiyo iliyowakutanisha. Ilikuwa chupa ya maji ya plastiki, rangi ya bluu, kifuniko kimetafunwa, na ilichomoka kwenye baiskeli ya dada mmoja ambaye hajawahi kuendesha katika kundi kubwa maishani mwake. Ikabiringika barabarani. Naye, kama mtu aliyelelewa vizuri, akafunga breki ili aiokote.

Nyuma yake walikuwa watu zaidi ya arobaini.

Wa kwanza alimkwepa, wa pili akamgonga wa kwanza, wa tatu akapanda juu ya wa pili, na baada ya hapo kikawa kishindo juu ya kishindo, vyuma na viwiko, na mtu mmoja mwenye ndevu zake akimwita mama yake bila aibu. Yote haya Jumapili asubuhi, kwenye mzunguko mkubwa wa katikati ya mji, mabasi yakipiga honi kila upande. Kiongozi wa msafara, kijana mrefu mwenye jezi nyeusi iliyombana kifuani, aligeuza baiskeli na kurudi akiwa amefura.

"Nani kafunga breki?"

"Mimi." Dada alikuwa amevaa blauzi ya njano, miguu ya suruali ameichomekea ndani ya soksi, na helmeti ya kaka yake ilikuwa imemshuka hadi kwenye nyusi. Chupa alikuwa nayo mkononi.

"Dada, umefunga breki katikati ya msafara kwa sababu ya chupa?"

"Ni ya mama."

"Umeangusha watu kumi!"

"Nimewaona, poleni jamani. Lakini nikirudi nyumbani bila chupa hii, wa kumi na moja nitakuwa mimi."

Waliokuwa chini wakaanza kucheka kabla hawajainuka. Kijana alijitahidi kubaki na hasira, ikamponyoka. Alimtazama yule dada chini ya ile helmeti, akaona macho makubwa yasiyo na woga hata chembe, akasahau alichotaka kusema.

Katika klabu ile ya baiskeli watu hawakuitana majina. Kulikuwa na Mwenyekiti, Kinyozi, Mwalimu, Mzee wa Benki. Kijana mwenyewe aliitwa Kichwa, kwa kuwa siku zote alitangulia. Mwenyekiti akamgeukia mgeni akamwambia, "Wewe kuanzia leo utashika mkia. Huko nyuma funga breki mpaka uchoke." Ilikusudiwa kuwa adhabu, lakini jina likamkaa. Tena ikaonekana Mkia ameipatia kazi yake. Kazi hiyo ni kuwa wa mwisho na kuhakikisha hakuna anayeachwa nyuma yako, na yeye hakuwahi kumkemea mtu kwa kukosa pumzi. Aliziba pancha, aligawa ndizi, aliwasukuma wazito mlimani kwa kiganja kimoja mgongoni, huku akiwatania mpaka wakasahau kwamba wanakufa.

Siku za kazi alitengeneza meno ya bandia. Kichwa alimfuata kwenye karakana yake jioni moja, kwa kisingizio cha kuuliza kama helmeti inamtosha. Kilikuwa chumba kidogo, vumbi la plasta limetanda hadi kwenye redio, na juu ya meza trei za meno zikikenua bila midomo.

"Haya yananicheka," Kichwa alisema.

"Hayo ni ya hakimu, hayacheki. Yanayokucheka ni haya ya mkono wa kushoto, ya mwalimu wa kwaya."

"Na wewe? Wewe hunicheki?"

"Mimi nakucheka tangu ulipoingia. Umepaka manukato kuja kuuliza habari za helmeti."

Kichwa mwenyewe alikuwa fundi wa lifti. Alimpeleka juu ya jengo refu kuliko yote, kwenye chumba cha mitambo, akamwonyesha nyaya nene zilizopakwa grisi na mji mzima chini yao. Mkia akachungulia dirishani, akasema, "Kumbe kazi yako ni kupandisha watu kisha kuwaacha huko juu."

"Nawashusha pia, mpenzi."

Neno hilo lilimtoka tu. Wote wawili walilisikia, na hakuna aliyejifanya hakulisikia. Wakabusiana pale pale, mashine ikinguruma pembeni, na alipofika nyumbani Mkia alikuta alama ya grisi kwenye blauzi ya njano na hakuifua wiki nzima.

Walipendana, ndiyo. Tatizo lilikuwa Jumapili. Jumapili, siku pekee ambayo wote wawili hawakuwa kazini, mmoja alikuwa mbele ya watu sitini na mwingine nyuma yao. Katika msafara mkubwa ni wa kwanza tu anayeiona barabara. Wengine wote wanaona mgongo wa mtu. Kwa hiyo kila neno linasafirishwa. Kichwa akipaza sauti "Shimo!", anayemfuata anamwambia anayemfuata, hivyo hivyo hadi mwisho. "Gari!" "Punguza!" "Kulia!" Maneno mafupi hufika salama. Kichwa, kwa kuwa alikuwa na mapenzi na hakuwa na subira, akaanza kusafirisha na marefu.

"Mwambieni Mkia leo amependeza!"

Ujumbe ukapita mdomo kwa mdomo, katikati ya upepo na minyororo, ukafika nyuma kwa Kinyozi, ambaye siku zote alikuwa wa mwisho kabla ya Mkia.

"Shemeji, Kichwa anasema umepoteza."

"Nimepoteza nini?"

"Hajasema. Angalia funguo."

Wakavunjika mbavu siku walipogundua. Lakini Mkia alirudisha jibu lile lile kila Jumapili: "Mwambieni aje aniambie mwenyewe." Na Kichwa hakwenda. Angewezaje? Kiongozi haachi mbele. Pia, tuseme ukweli, aliipenda mbele. Alipenda upepo wa kwanza uwe wake, na watu wa vijiwe vya barabarani wamnyooshee yeye kidole.

"Huyo mwanaume wako ana miguu?" mama alimuuliza binti yake siku moja, akimenya viazi.

"Anayo, mama, tena mirefu."

"Basi mbona anatuma watu?"

Binti alicheka, ila swali lilimwingia.

Kisha kazi ikaja na jambo lake. Wakubwa wa Mkia walitaka kufungua karakana nyingine katika mji wa mbali, siku nzima kwa basi, wakamchagua yeye akaisimamie. Walitaka jibu Jumatatu. Jumamosi jioni alimpigia Kichwa simu.

"Mpenzi, umelala?"

"Nitalalaje na wewe hujaniimbia?"

"Acha utani. Keshokutwa wanataka jibu langu. Niende au nibaki?"

Kichwa alikuwa amekaa kitandani, anafuta mnyororo kwa kitambaa. Alitaka kusema baki. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini kumwambia mtu abaki ni kumwahidi kitu, na yeye aliogopa ahadi kama watu wengine wanavyoogopa daktari wa meno.

"Tuongee kesho," alisema.

"Kesho wapi? Wewe uko mbele, mimi niko nyuma."

"Nitakuambia tu."

"Sikiliza, baba." Alimwita hivyo alipokuwa na jambo zito. "Sitaki pete wala hotuba. Tangu tuanze, hujawahi kunisubiri njiani hata siku moja. Kesho, ukitaka nibaki, nisubiri. Popote pale. Nikukute umesimama, tumalizie njia pamoja. Nitaelewa, na Jumatatu nitawakatalia."

"Na nisiposubiri?"

"Nitaelewa pia."

"Wewe mwanamke unanitia presha."

"Lala salama, kipenzi. Weka simu mbali, usije ukaipaka mafuta ya mnyororo."

Kesho yake msafara ulikuwa mkubwa kuliko yote waliyowahi kufanya. Klabu mbili kutoka kwingine zilikuja, watu wakajaa kituo cha mafuta mpaka magari yakakosa pa kuingia, foleni ya kujaza upepo ikazunguka jengo. Miongoni mwa wageni walikuwa vijana wa kasi, wenye miwani ya kung'aa na miguu iliyonyolewa, na walianza kusukuma mwendo hata kabla ya kutoka mjini. Msafara ukavutika, ukakatika. Waliozoea kwenda kasi wakawafuata wageni. Wasiozoea wakabaki wamesambaa kando ya barabara kama nguo zilizoanguka kambani. Huko nyuma kabisa, Mzee wa Benki akapata pancha, na Mkia akasimama naye, kama kazi yake inavyotaka.

Mbele, Kichwa alikuwa anapumua kwa shida huku akiwaza. Kabla ya mlima mrefu aliamua. Alipiga moyo konde, akageuza shingo, akapaza sauti kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo:

"Mwambieni Mkia nitamsubiri darajani!"

Mwalimu alilisikia neno vizuri, akalipitisha. Mke wa Mwenyekiti alilipokea vizuri, akalipitisha. Lakini msafara ulikuwa umekatika, na kutoka kundi moja hadi jingine ilibidi mtu apige kelele kuvuka mwanya. Lori likapita katikati ya neno. Kinyozi, aliyekuwa amerudi nyuma kumtafuta Mzee wa Benki, akaokota kilichobaki. Lugha yetu nayo ina mambo yake. Mtu na mtu wanaweza kutenganishwa na silabi chache mwanzoni mwa neno. Kinyozi alisikia *asinisubiri*. Na kwa kuwa ni kinyozi, mtu asiyeweza kukupa habari ikiwa kavu, akaitia chumvi.

"Shemeji! Kichwa anasema usimsubiri. Darajani wanapita moja kwa moja."

Mkia alikuwa amepiga magoti, gurudumu mapajani, anapapasa tairi kutafuta mwiba. Vidole vikasimama.

"Amesema hivyo?"

"Ndivyo ilivyofika."

Ukweli ni kwamba angeweza kuuliza tena. Yeye zaidi ya wote alijua jinsi maneno yanavyoharibika njiani; ni yeye aliyetafuta funguo ambazo hazikupotea. Lakini ni nani huuliza mara mbili ujumbe unaofanana na hofu yake? Aliuamini mara moja, kwa sababu alikuwa akiusubiri tangu usiku.

"Mwanangu, vipi?" Mzee wa Benki aliuliza.

"Salama, mzee. Shika hapa." Aliziba pancha, akajaza upepo, akainuka. "Njia ya mlimani itakuumiza. Tupite hii ya mkato, turudi nyumbani."

Kule darajani, Kichwa alisimama kweli. Aliegemeza baiskeli kwenye ukingo, akafungua chupa yake, akatazama barabara. Moyo ulimdunda kama wa mtahiniwa. Makundi yalikuja moja moja.

"Mkia yuko wapi?"

"Nyuma huko. Kuna pancha."

Wale wageni walikuwa wamesimama kidogo kunywa maji. Mmoja wao, aliyevaa miwani ya rangi ya fedha, akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Kichwa gani anasubiri mkia?" Wakacheka. Hakuwa na ubaya. Ni utani wa barabarani. Kisha wakapanda, mmoja, wawili, wote, na Kichwa akawaona wanaondoka na mbele yake, ile mbele aliyoizoea.

Pancha inachukua muda, alijiambia. Atanikuta mwisho wa safari. Nimesimama, si nimesimama? Si ndicho alichotaka?

Akapanda baiskeli.

Mwisho wa safari alifika wa pili, wakampiga mgongoni, na Mkia hakutokea. Alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga tena jioni. Ndipo ujumbe ukaingia: *Nimeelewa. Nimekubali ile kazi. Ubaki salama.* Kichwa aliusoma akiwa amesimama jikoni. Alichoelewa yeye ni kwamba Mkia alipanda mlima wote ule, akafika darajani, akakuta daraja tupu. Hakuuliza. Angeuliza vipi? Swali "mbona hukuja?" lingejibiwa na "nilikuja", na jibu hilo hakuwa na kifua cha kulibeba. Mkia naye hakuuliza, kwa kuwa mtu akishakuambia usimsubiri huna cha kumuuliza. Katikati ya wiki akaondoka na sanduku moja, na chupa ya mama.

Mwaka ukapita, na mwingine ukaufuata. Kichwa aliacha kuongoza. Alisema ni goti.

Mkia aliporudi ilikuwa ni kwa siku chache tu, kumchukua mama wakaishi wote kule. Alikuwa amekata nywele fupi, amevaa gauni la kijani na viatu vya kisigino kifupi, na kazi ilikuwa imempa namna ya kutembea ya mtu anayejua anakokwenda. Siku ya kuondoka aliiacha teksi kando ya barabara, mama ndani yake, akashuka kununua maji ya safari. Alipokuwa anapita mbele ya duka la Kinyozi, sauti ikamvuta.

"Shemeji! Njoo hapa utuamulie kesi!"

"Kesi gani tena?"

Kinyozi alikuwa na mashine mkononi na mteja mwenye kichwa nusu. "Mke wa Mwenyekiti ananisumbua mpaka leo. Anadai siku ile ya msafara mkubwa nilikuletea ujumbe kichwa chini. Eti Kichwa alisema 'nitamsubiri darajani'. Mwalimu naye anamuunga mkono. Mimi nasema nilichosikia ndicho nilichosema. Sasa wewe sema, alikusubiri au hakukusubiri?"

Mkia alishika fremu ya mlango. Mteja mwenye kichwa nusu ndiye aliyemwambia, "Dada, kaa chini kwanza."

Hakukaa. Aliipiga ile namba ambayo alikuwa ameifuta, kumbe vidole havikuifuta.

"Uko wapi?"

"Nani? ... Wewe?" Chuma kilianguka upande wa pili wa simu. "Kazini. Ghorofa ya tisa, lile jengo la bima. Lifti imekwama, usi—"

"Nina miguu."

Teksi ilimshusha mlangoni, mama akabaki ndani, naye akapanda ngazi. Alimkuta amepiga magoti mbele ya mlango wa lifti ulio wazi, ovaroli ya bluu, grisi hadi kwenye viwiko, shimo jeusi nyuma yake. Amekonda. Alisimama na hakujua aweke wapi mikono.

"Umekata nywele," alisema.

"Siku ile ulisema nini?" Mkia alikuwa anahema kwa ngazi, au si kwa ngazi. "Kabla ya mlima. Ulisema nini? Kwa maneno yako."

"Nilisema mwambieni Mkia nitamsubiri darajani."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

Mkia akafunika uso kwa mikono, akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. "Mimi niliambiwa nisikusubiri! Nikapita njia ya mkato na Mzee wa Benki, wala sikufika darajani. Miaka yote hii nakulaani bure. Nimekulaani mpaka nikiwa nachonga meno ya watu. Ulinisubiri, na mimi, mjinga, sikuja!"

Alimshika mikono, na grisi yote. "Sikiliza. Karakana ya hapa bado wananitaka, waliniambia jana. Mama hataki kuhama, analia tangu juzi. Naweza kubaki. Ukisema neno moja tu, nabaki."

Kichwa alimtazama. Ule uso ulikuwa umefunguka wote, kama siku ya kwanza chini ya helmeti, na ulikuwa umerudi kwake bila yeye kufanya lolote. Ndiyo kwanza alijua kwamba Mkia hakufika darajani. Hakuna aliyeliona daraja tupu. Kinyozi alikuwa amemwokoa kwa kusikia vibaya, na kilichobaki ni kunyamaza tu, jambo ambalo alikuwa fundi wake kuliko hata lifti.

"Sikukusubiri," alisema.

"Nini?"

"Nilisimama. Waliniambia una pancha. Wale wageni wakanicheka, wakaondoka, nikaondoka nao. Hata maji sikuyamaliza."

"Lakini... mimi sikuja."

"Sikujua hilo. Mimi nilijua unakuja. Nilijua unakuja, nikaondoka."

Mahali fulani ghorofa za chini mtu alikuwa anabonyeza kitufe cha lifti, tena na tena. Mkia aliachia mikono yake, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

"Kwa nini unaniambia?"

"Sitaki ubaki na mtu aliyekusubiri. Huyo hayupo. Niko mimi."

Mkia alitikisa kichwa, akageuka, akaanza kushuka. Kichwa alisimama akisikiliza viatu vyake vikizunguka ngazi, vikipungua. Kisha akatupa spana, akamfuata, ghorofa baada ya ghorofa, buti zikipiga mbiu jengo zima, na akamkuta kwenye mlango wa chini, mkono mmoja kwenye kioo. Alikuwa amezisikia buti. Nje teksi ilikuwa inanguruma, mama ndani yake, amekumbatia mkoba.

"Nisamehe," Kichwa alisema. "Na kama unaweza, baki. Nakuomba mimi, sijamtuma mtu."

Mkia alimtazama, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. Akatoa kitambaa kwenye mkoba, akamfuta grisi shavuni, kwa uangalifu, kama anavyosafisha jino kabla ya kulikabidhi kwa mwenyewe.

"Ungenyamaza kule juu ningebaki," alisema.

"Najua."

"Na ningekupenda maisha yangu yote kwa jambo ambalo hukulifanya." Alikunja kitambaa. "Naondoka nikikupenda, ujue hivyo. Ila sasa najua ni nani ninayempenda, na siwezi kumsubiri."

Aliingia kwenye teksi. Mama aliuliza kitu, akajibiwa kwa neno moja, na gari likaingia barabarani. Kichwa alibaki ukumbini hadi mlinzi alipomgusa bega kumwambia watu wa juu wanalalamika. Akarudi kwa ngazi, ghorofa tisa, akaokota spana yake.